Mwendo wa Gari na Mzigo wa Akili ya Dereva

Ubavuni mwa kila basi linalopita katika kata zetu pameandikwa idadi ya abiria linaoruhusiwa kubeba, na kwenye lori pameandikwa uzito. Mzigo huo hupimwa kwa mizani, na anayeuzidisha hutozwa faini. Upo mzigo mwingine ambao haujaandikwa popote, wala hakuna mizani ya barabarani inayoupima, nao ni ule unaobebwa na akili ya mtu aliyeshika usukani. Somo la toleo hili linauhusu mzigo huo, na hasa jambo moja ambalo wengi wetu hatulifikirii: kwamba mwendo wenyewe wa gari, yaani kasi yake, kupinda kwake, kuyumba kwake na kutikisika kwake, huongeza au hupunguza kazi ya akili ya dereva, hata pale ambapo barabara ni ileile na dereva ni yuleyule.

Tumelichagua somo hili kwa sababu barabara nyingi za kata zetu ni za changarawe na udongo, na juu ya barabara hizo hupita watoto waendao shule, baiskeli zilizobeba mkaa, mifugo, bodaboda na, usiku wa manane, gari linalomkimbiza mama mjamzito hospitalini. Ajali ikitokea, swali la kwanza linaloulizwa kijiweni huwa ni kama dereva alikuwa amelewa. Ni swali la haki. Hata hivyo wapo madereva waliogonga mtu wakiwa wazima, macho wazi, wakitazama mbele, na wakaapa kwamba hawakumwona. Tusiharakishe kusema kuwa wote hao ni waongo.

Akili ina ujazo wake

Kuendesha gari ni kazi nyingi zinazofanywa kwa wakati mmoja. Dereva hutafuta kwa macho, hukadiria umbali, hubashiri kile atakachofanya mwenye baiskeli aliye mbele yake, huchagua gia, husikiliza injini, na katikati ya hayo yote huushika usukani. Kila kazi huchukua sehemu ya uangalifu wake, na uangalifu haujazwi kama tangi kwenye kituo cha mafuta. Sehemu inayobaki baada ya kazi hizo kuchukua mgawo wake ndiyo akiba, na akiba hiyo ndiyo inayomwezesha kulipokea jambo la ghafla: mtoto anayechomoka nyuma ya basi lililosimama, au mbuzi anayerudi alikotoka.

Mwaka 1961 watafiti wawili wa Uingereza, Brown na Poulton, walibuni njia ya kuipima akiba hiyo. Waliwafanya madereva waendeshe gari huku wakisikiliza mafungu ya tarakimu na kutaja ni tarakimu ipi iliyobadilika. Walipopita katika mitaa yenye maduka na watu wengi, madereva walikosea tarakimu zaidi kuliko walipopita katika mitaa tulivu ya makazi. Kwa maneno mengine, mtu aliyekaa pembeni angeweza kuona gari likienda vizuri kotekote, kumbe ndani ya kichwa cha dereva akiba ilikuwa imepungua. Njia ya namna hiyo hutumika hadi leo, pamoja na kupima mapigo ya moyo na kumwuliza dereva mwenyewe kwa dodoso maalumu. Dodoso linalojulikana zaidi lilichapishwa mwaka 1988 na Sandra Hart wa shirika la anga la Marekani, NASA, pamoja na Lowell Staveland, likiwa na vipengele sita, kikiwamo cha kuharakishwa na muda na cha kukereka. Nalitaja kwa sababu kukereka nako kumehesabiwa humo kuwa sehemu ya mzigo. Dereva anayegombana na abiria juu ya chenji amepakia kitu kichwani, hata kama gari ni tupu.

Kasi humnyima dereva muda wa kutazama

Tuanze na kasi, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata takriban mita 14 kila sekunde. Likienda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22. Tukichukulia kwamba dereva huhitaji sekunde moja na nusu kuona hatari, kuielewa na kufikisha mguu kwenye breki, basi katika mwendo wa 50 gari litakuwa limekwenda mita 21 kabla breki haijashika, na katika mwendo wa 80 litakuwa limekwenda mita 33. Baada ya hapo ndipo breki huanza kazi, na umbali unaohitajika ili gari lisimame kutoka 80 ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ule unaohitajika kutoka 50, kwa kuwa nguvu iliyomo katika gari huongezeka kwa kadiri ya kasi ikizidishwa kwa yenyewe.

Hayo ni mambo ya chuma na mpira. Upande wa akili ulionyeshwa kwa jaribio ambalo msomaji anaweza kudhani ni mzaha. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Marekani aitwaye John Senders alivaa kofia ngumu yenye kifuniko kilichoshuka na kuziba macho yake kabisa, kisha kikainuka kwa muda mfupi, kisha kikashuka tena. Akiwa amevaa kofia hiyo aliendesha gari kwenye barabara kuu karibu na mji wa Boston. Jaribio lilifanywa kwa namna mbili: mara nyingine kifuniko kilijifungua kwa vipindi vilivyopangwa, na dereva akaachwa achague kasi, mara nyingine kasi ilipangwa, na dereva akawa anajifungulia kifuniko kila alipohisi hawezi kuendelea bila kuona. Ripoti yake ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba kasi ikiongezeka, dereva huhitaji kutazama mara nyingi zaidi. Na akinyimwa kutazama, hulazimika kupunguza kasi. Barabara ilipokuwa na mapindo, haja hiyo ya kutazama ilizidi. Hakuna anayeshauriwa kulirudia jaribio hilo! Lakini fikiri juu ya dereva anayeinamisha macho kusoma ujumbe katika simu: amejivika kofia ya Senders kwa hiari yake, tena katika barabara yenye watu.

Kasi ina hila nyingine iliyomo ndani ya miili yetu. Katika sikio la ndani, upande wa kulia na wa kushoto, tumepewa vijifereji vitatu vya nusu duara vyenye majimaji, ambavyo huhisi kichwa kinapozunguka, pamoja na vifuko viwili vyenye chembechembe ndogo za chokaa, ambavyo huhisi mwili unaposukumwa mbele, nyuma, juu au upande. Viungo hivi ni hodari sana wa kuhisi mabadiliko ya mwendo. Mwendo usiobadilika havihisi kabisa. Gari likishafika 80 na kubaki hapo, sikio husema kwamba tumetulia, na ni macho na sauti tu vinavyobaki kutoa habari ya kasi. Macho nayo huzoea. Aliyekwenda kwa saa nzima kwenye barabara kuu ya lami, akiingia kijijini na kupunguza mwendo, huona kana kwamba anatambaa, ilhali mshale wa kasi ungali juu ya 50 inayoruhusiwa kisheria katika maeneo ya makazi.

Huko Uskoti, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Gordon Denton alitumia hali hiyo ya macho kudanganyika ili kuokoa watu. Mistari ilichorwa kukatiza barabara inayoingia kwenye mzunguko, ikisogeleana kadiri mzunguko ulivyokaribia, hata dereva akahisi gari linaongeza mwendo, na bila kuambiwa akakanyaga breki. Rasta tunazozilaani zinapotutikisa kabla ya kivuko cha shule hufanya kazi ya jamaa moja na hiyo, nazo huongeza kitu ambacho mistari ya rangi haina: humrudishia mwili habari ya mwendo ambayo sikio lilikuwa limeacha kuitoa.

Kona na milima

Katika kona, mwendo wa gari hubadilika kila nukta, na kazi ya akili hubadilika pamoja nao. Mwaka 1994 Michael Land na David Lee walichapisha uchunguzi wa macho ya madereva waliopita barabara yenye mapindo mengi. Waligundua kwamba dereva hukazia macho sehemu moja hasa, yaani pale ambapo ukingo wa ndani wa kona unaonekana kujitokeza zaidi kuelekea barabarani, na hufanya hivyo sekunde moja au mbili kabla ya kupinda. Macho hutangulia, mikono hufuata. Basi mahali ambapo nyasi ndefu, rundo la mchanga wa kujengea au kibanda kimeziba ukingo wa ndani wa kona, dereva hunyang'anywa kile ambacho macho yake yalikuwa yakitafuta. Hubaki akipinda kwa kubahatisha, na akiba yake yote huishia katika kuliweka gari ndani ya barabara. Anayetembea kwa miguu upande wa pili wa kona hiyo hana sehemu katika akili ya dereva huyo. Ndiyo maana kazi ya kufyeka nyasi, ambayo wengi huiona ni ya kupendezesha tu, ingefaa ianzie upande wa ndani wa kona, kisha ifuatie pengine kokote.

Mteremko mrefu una mzigo wa aina yake. Waliopita Mlima Kitonga mkoani Iringa, katika barabara kuu iendayo Mbeya, wanajua jinsi malori yanavyoshuka taratibu huku injini zikinguruma. Dereva aliyechagua gia ndogo tangu juu huiachia injini kazi ya kuzuia gari, na akili yake hubaki huru kuangalia kona. Aliyeshuka kwa gia ya kasi huwa na hesabu mpya kila baada ya sekunde chache: akanyage breki sasa au angoje, breki zimepata moto kiasi gani, lile lori la mbele liko umbali gani. Magari hayo mawili yanaweza kufika chini kwa wakati uleule. Madereva wake hawafiki wakiwa wamechoka sawa.

Hapa inafaa kusema jambo moja kwa upande wa mwendo, maana tukiendelea hivi msomaji atadhani kwamba kila mtikiso ni adui. Mwendo pia ni habari. Dereva mzoefu hulisikia gari kupitia kiti alichokalia: hujua tairi la nyuma limeanza kuteleza kabla macho hayajaona lolote, na hujua amekanyaga breki kwa nguvu kiasi gani kwa jinsi kifua kinavyovutwa mbele. Vifaa vya ndani vinavyoiga uendeshaji, ambavyo hutumika kufundishia na kufanyia utafiti, viliwapa wataalamu somo hili. Mtu akiketi mbele ya picha ya barabara kwenye kiti kisichosogea, hukosa habari ya mwili na huelekea kukanyaga breki kwa ghafla na kwa nguvu kuliko anavyofanya ndani ya gari halisi. Kwa hiyo vifaa vikubwa zaidi hujengwa juu ya miguu inayoinama na kusukuma. Mwendo unaoeleweka humpunguzia dereva kazi, kwa sababu mwili humjibu maswali ambayo macho yangelazimika kuyauliza.

Mtikisiko wa barabara ya changarawe

Sasa tufike nyumbani. Kila mkazi wa vijijini anayajua yale mawimbi madogo yanayokatiza barabara ya changarawe wakati wa kiangazi, mfano wa bati lililolazwa chini. Hutokana na magurudumu yenyewe: gurudumu likipita juu ya kokoto au kijishimo huruka kidogo, likitua hukandamiza na kusukuma changarawe, na gurudumu linalofuata hurukia palepale. Watafiti wa fizikia wameonyesha katika maabara kwamba gurudumu linaloviringika juu ya mchanga mkavu hutengeneza mawimbi hayo mara tu kasi inapovuka kiwango fulani, hata kama mchanga ulikuwa umesawazishwa vizuri. Greda hupita na mawimbi hurudi, na lawama zote humwangukia dereva wa greda.

Tuchukue mawimbi yenye nafasi ya sentimita 60 kutoka mgongo hadi mgongo. Gari likienda kilomita 10 kwa saa, magurudumu yatagonga migongo hiyo kati ya mara nne na tano kwa sekunde. Namba hiyo ndogo ndiyo yenye maumivu, kwa kuwa kiwiliwili cha mtu aliyeketi hutikisika kwa nguvu zaidi kinaposukumwa juu na chini takriban mara tano kwa sekunde. Tumbo, kifua na mabega hupokea mtikiso na kuuzidisha, kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kwa wakati unaofaa. Viwango vya kimataifa vya mtetemo wa mwili navyo huupa uzito mkubwa zaidi mtikiso wa wima wa kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde.

Dereva afanyeje? Wengi huongeza mwendo. Kwa kilomita 40 kwa saa magurudumu hugonga zaidi ya mara 18 kwa sekunde, na kwa 60 karibu mara 28, kiasi ambacho springi na shokapu haziwahi kulifuatisha gari zima juu na chini. Gari huonekana kuelea, abiria hushukuru, kahawa haimwagiki. Hapa ndipo penye mtego ambao tungependa kila anayesoma jarida hili auelewe. Kilichotulia ni bodi la gari tu. Magurudumu yako katika kazi kubwa, mengine yakigusa ardhi kwa vipindi vifupi tu, na gurudumu lisilogusa ardhi haliwezi kupinda wala kusimamisha gari. Akili ya dereva imepunguziwa mzigo kwa njia ya udanganyifu: mwili unamwambia kwamba hali imekuwa njema wakati uwezo wake wa kulitawala gari umepungua. Hatambui hayo mpaka aguse breki katika kona.

Mtikiso hugusa macho pia. Kichwa kinapotikisika, sikio la ndani hutuma amri kwa misuli ya macho iyazungushe upande wa pili, upesi kuliko fikra, ili picha ya nje isichezecheze. Ndiyo sababu tunaweza kutembea huku tukisoma kibao cha duka. Lakini mpango huo umekusudiwa kwa vitu vilivyosimama nje yetu. Mshale wa kasi, na simu iliyopachikwa mbele ya usukani, havikusimama. Navyo vinatikisika, kila kimoja kwa namna yake. Macho yanayorekebishwa kwa ajili ya mti ulio mbali huukosa mshale ulio karibu, na herufi hugeuka ukungu. Hivyo kazi ya kusoma kifaa ambayo kwenye lami ingechukua mtupo mmoja wa jicho, kwenye changarawe huchukua miwili au mitatu, na wakati huo barabara haitazamwi.

Ongeza juu ya hayo kazi ya kuchagua njia. Penye mashimo dereva hutazama karibu, mita chache mbele ya boneti, ili ajue tairi lipite wapi. Macho yaliyoshushwa hivyo hayamwoni mapema mtu aliye mbali. Na gari linapoyumba kushoto na kulia kukwepa mashimo, mwenye baiskeli anayekuja hawezi kubashiri litakuwa wapi atakapolifikia. Mzigo umehama kutoka akili moja kwenda nyingine. Kwa vijana wetu wa bodaboda hali ni ngumu zaidi, kwa sababu wao huendesha na kusawazisha kwa wakati mmoja. Gurudumu la mbele likiingia kwenye mchanga laini, pikipiki huyumba, nao hurekebisha kwa mikono, magoti na uzito wa mwili. Abiria wa nyuma akigeuka kumwangalia mtu, uzito wake huhama. Abiria wawili wa nyuma, ile desturi iitwayo mshikaki, huhama kila mmoja kwa upande wake na kwa wakati wake. Usawa wa pikipiki hauna likizo, na kila marekebisho hulipwa kutoka katika akiba ileile ambayo ingemwona mtoto.

Mtikisiko unaobembeleza

Kuna mtikisiko mwingine ambao haumchoshi dereva kwa kazi, bali humlaza. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT, mjini Melbourne, Australia, walichapisha jaribio walilowafanyia watu 15. Kila mmoja aliketi katika kifaa cha kuigiza uendeshaji kilichowekwa juu ya jukwaa linalotetemeka, akaendesha kwa saa moja katika barabara isiyo na mambo mengi. Mara moja jukwaa likitetemeka polepole, kati ya mara 4 na 7 kwa sekunde, na mara nyingine likiwa limetulia. Kwa kufuatilia mapigo ya moyo waliona kwamba mtetemo huo ulianza kuleta usingizi ndani ya dakika 15, na baada ya dakika 30 ulikuwa na athari kubwa. Watu hao walikuwa wamelala vya kutosha. Washiriki 15 ni wachache, na hatupaswi kulijengea jaribio moja nyumba nzima; lakini kila mama aliyembembeleza mtoto mgongoni anajua kwamba mtikiso mpole husinziza.

Mzigo mdogo mno, kumbe, nao ni hatari. Kwenye lami iliyonyooka, kama ile inayopita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, dereva aliyepita hapo mara mia hana cha kufanya ila kungoja. Akili isiyopewa kazi haikai ikiwa tayari. Huzurura, kisha husinzia. Hatari huzidi saa za kabla ya alfajiri na mara baada ya chakula cha mchana, nyakati ambazo mwili wenyewe huelekea kulala, na kwa kuwa mabasi ya masafa marefu nchini yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, abiria wengi zaidi sasa huzipita saa hizo wakiwa barabarani. Kufungua dirisha na kupandisha muziki husaidia kwa muda mfupi sana. Usingizi huondolewa kwa kulala, hata kama ni dakika 20 kando ya barabara mahali salama.

Gari la mgonjwa usiku

Tumeyasema haya yote tukiwa na picha moja mbele yetu. Kupitia mpango wa m-mama, mjamzito, mzazi au mtoto mchanga aliyepatwa na dharura husafirishwa baada ya simu kupigwa bila malipo kwa namba 115. Pale ambapo gari la wagonjwa haliko karibu, huitwa dereva wa jamii, mtu wa kijijini mwenye gari lake. Mfikirie dereva huyo saa nane ya usiku. Ameamshwa usingizini. Taa zinamwonyesha mita chache tu, barabara ina mawimbi, na kiti cha nyuma kina mtu anayelia kwa uchungu kila gari linaporuka. Kila anayemwambia "harakisha" anamwongezea kasi, na kila kilio kinamwambia apunguze. Ndugu wawili nyuma wanabishana kwa simu na walioachwa nyumbani.

Familia inaweza kumpunguzia mzigo kwa mambo yaliyo ndani ya uwezo wake. Msindikizaji mmoja akae mbele, naye awe ndiye mwenye simu; dereva asiguse simu yake. Msindikizaji huyo atazame barabara pamoja na dereva. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walionyesha kwamba mazungumzo na abiria aliye ndani ya gari hayamharibii dereva kama yale ya simu, kwa kuwa abiria huona hali inapokuwa ngumu, hunyamaza au huzungumzia kilicho mbele, ilhali aliye upande wa pili wa simu haoni kitu. Msomaji anaweza kulithibitisha hilo kwenye daladala lolote: keti karibu na dereva anayezungumza na kondakta, uone sentensi inavyokatika katikati gari linapoingia kwenye kona, na inavyoendelea baada ya kutoka. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Mgonjwa naye alazwe kwa ubavu na aegemezwe mito au nguo zilizokunjwa, ili kila ruko la gari lisigeuke kilio kinachomvuruga dereva. Na dereva aambiwe mapema, kabla ya kuondoka, kama zahanati au kituo cha afya kilichokusudiwa kimeshapewa taarifa, ili asiwaze njiani kama mlango utafunguliwa.

Barabara yenyewe ni kazi ya pamoja. Matengenezo ya barabara za wilaya, mijini na vijijini, yako chini ya TARURA tangu wakala huo ulipoanzishwa mwaka 2017, na barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Mwananchi anayetaka kutoa taarifa aanzie kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, na taarifa yenye manufaa haisemi tu kwamba "barabara ni mbovu." Itaje barabara inatoka wapi kwenda wapi, na sehemu iliyoharibika iko karibu na alama gani isiyohama, kama vile shule, daraja au kanisa. Ieleze kama tatizo ni mashimo, mawimbi, mchanga laini au kona iliyozibwa na nyasi, maana kila moja lina dawa yake na mtambo wake. Na iseme kama watoto au magari ya wagonjwa hupita hapo, na saa zipi. Nyasi na vibanda vilivyoziba kona havihitaji mtambo wala bajeti, na mkutano wa kitongoji unaweza kupanga siku ya kuviondoa kabla mvua za vuli hazijaanza kuzikuza nyasi tena.